Shaba Ikiyeyuka Haina Jina

Vijana wangu, mkija kwangu msibishe hodi. Hodi siisikii. Ingieni moja kwa moja mpaka uani, simameni mahali ninapoweza kuwaona midomo, ndipo mnisalimu, mwangaluka. Nikiitika kwa sauti kubwa msishtuke, sina hasira na mtu. Sauti yangu mwenyewe siisikii vizuri, kwa hiyo sijui ukubwa wake.

Naanza na hilo kwa sababu juzi mmoja wenu, yule anayechomelea mageti karibu na soko, alikuja kuniuliza kwa nini tindo yake inapasuka kila akiipiga nyundo. Alibisha, akabisha tena, akaondoka. Jirani ndiye aliyeniambia baadaye. Nilisikitika mpaka jua likazama. Wageni wangu si wengi kiasi cha kuwapoteza mlangoni.

Jibu lake ni hili. Chuma cha springi ya gari ukikipasha moto kikawa chekundu, ukakitumbukiza ghafla kwenye maji, kinakuwa kigumu sana, lakini ugumu wake ni wa kioo. Lazima ukirudie. Kisugue kwa mchanga mpaka king'ae, kisha kipashe moto polepole huku unatazama rangi zinavyotembea juu yake. Kwanza inakuja rangi ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, mwisho buluu. Kwa tindo, zambarau ikifika kwenye makali, zima hapo hapo. Ukingoja buluu umetengeneza springi, na springi haikati kitu.

Mimi nilijifunza hayo kwa aibu. Tindo yangu ya kwanza niliizima kwenye maji nikaona nimemaliza kazi. Mwalimu wangu, Mzee Luhende, alikuwa amekaa pembeni anakunywa uji. Nikapiga pigo moja. Makali yakakatika, kipande kikaruka, kikatumbukia ndani ya uji wake. Mzee yule hakuinuka. Alikitoa kwa vidole, akakipangusa kwenye suruali, akakitazama mahali kilipovunjika, akaendelea kunywa.

"Mayu," akasema, yaani mama, "nilikuwa nimeomba sukari."

Mzee Luhende alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Mimi niliingia kiwandani kama mfagiaji. Nilifagia vumbi la pamba, lile linaloingia puani na kulala huko. Siku moja msaidizi wake alihamia Mwanza, mzee akapita kwenye mstari wa vibarua akiuliza nani amemaliza darasa la saba na anaweza kusoma milimita. Wanaume walidhani ni mtego wa kupunguza watu, wakanyamaza. Mimi nikanyoosha mkono. Hivyo ndivyo Mbuke, binti wa wakulima wa pamba wa Nkoma, alivyoingia karakana. Nilikuwa mwanamke peke yangu, na nilibaki peke yangu mpaka kiwanda kikasimama.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kuvitambua vyuma, maana usipojua umeshika nini, huwezi kujua ukifanye nini. Alikuwa na jiwe la kusagia linalozungushwa na mota. Alishika kipande, akakigusisha kwenye jiwe, akaniambia nitazame cheche. Chuma laini, kile cha nondo na mabomba, cheche zake ni ndefu, zimenyooka kama mvua ya upepo. Chuma kigumu cha springi na tupa, cheche zake zinapasuka mwishoni kama vinyota. Chuma cha kutupwa, mafundi tunakiita kasti, kinatoa cheche fupi, nyekundu, zimechoka. Shaba na alumini hazitoi cheche kabisa.

"Chuma kinaweza kupakwa rangi," Mzee Luhende alikuwa akisema, "lakini kwenye jiwe kinavua nguo."

Kuhusu kasti sikilizeni vizuri, kwa sababu nawaona mnavyokiharibu. Msingi wa mashine ya kusagia nafaka ni kasti. Magurudumu makubwa ya zamani, kasti. Kinabeba uzito bila kulalamika, lakini hakipendi kushtuliwa. Ukikichomelea kikiwa baridi, kitakaa kimya, utamkabidhi mwenyewe mali yake, na akifika nyumbani kinapasuka pembeni ya ulipochomelea. Kipashe moto chote kwanza, kwenye mkaa, mpaka kikubali. Ukimaliza kifukie kwenye majivu kipoe taratibu, hata kama mwenye mali amesimama anapiga miguu chini. Mwambie arudi kesho.

Na nyinyi mnaouza mabati, mjue kwamba mabati ya nyumba hayana bati. Ni chuma kilichochovywa kwenye zinki. Bati lenyewe ni kitu laini, cheupe, tunachotumia kulehemu. Changanya bati na shaba nyekundu, unapata shaba ngumu ya kutengenezea bushi, ile inayokaa ndani ya mashine na kuvumilia kusuguliwa. Changanya zinki na shaba nyekundu, unapata shaba ya njano, ya kufuli na bangili. Vyote viwili ukivipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu atakwambia ni shaba. Ni kama kusema Masanja na Mbuke wote ni watu.

Sasa nimemtaja Masanja.

Masanja alitoka Shishiyu. Alikuwa mhunzi wa karakana, mwenye moto. Mimi nilikereza, yeye alifua na kuyeyusha. Tulikuwa rika moja. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na nyusi hana, maana moto ulikuwa umezila zamani na zilipoota tena ulizila tena. Kila mwaka baada ya mavuno mke wake alinitumia michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na nsansa, majani makavu ya kunde, kwa hiyo msianze kufikiria mambo mengine. Mume wangu alikuwa amefariki watoto wakiwa wadogo, na watu wa Bariadi walishafikiria vya kutosha kwa niaba yenu.

Ndani ya kiwanda kile, msimu wa pamba, hakuna neno la mtu lililosikika. Mashine za kuchambua zilinguruma mpaka meno yakatetemeka. Hatukuwa na vifaa vya kuziba masikio. Tuliziba kwa pamba yenyewe, na pamba haizuii kitu. Kwa hiyo mimi na Masanja tukaanza kuongea kwa mikono. Hatukukaa chini kupanga. Ilikuja yenyewe, kama njia inavyochongeka pale watu wanapopita. Kugusa kifundo cha mkono, mahali pa bangili, maana yake shaba. Kusugua tumbo ni alumini, kwa sababu ya sufuria. Kugonga jino ni kasti, kwa sababu vyote viwili havipindi, vinavunjika tu. Baadaye tukawa tunaweza kusema mambo marefu. Aliweza kunieleza, kutoka upande wa pili wa karakana, kwamba msimamizi anakuja, kwamba amekunywa, na kwamba leo amevaa viatu vya mkewe.

Masikio yetu yakaondoka pole pole. Hakuna siku ninayoweza kusema ndiyo niliyopoteza kusikia. Kwanza walipotea ndege. Halafu mvua nyepesi juu ya bati. Halafu sauti za wajukuu, kwa sababu sauti ya mtoto ni nyembamba. Mtu ananiambia jambo, namwomba arudie. Anarudia. Nikimwomba tena anatikisa mkono, anasema, "Basi mama, si kitu." Vijana, hilo neno si kitu mnalisema kwa wema, najua. Lakini nimelibeba miaka mingi na ni zito kuliko risasi. Yote ninayokosa yamepewa jina hilo moja.

Masanja hakuwahi kuniambia si kitu. Na yeye alikuwa hasikii vilevile, tena sikio lake la kushoto lilikufa kabisa. Tukiwa wawili hatukuwa viziwi.

Kiwanda kiliposimama, wenzetu walitawanyika. Wengine walirudi mashambani, wengine walikwenda Lamadi kutengeneza injini za mitumbwi. Mzee Luhende alikuwa ameshazikwa. Mimi na Masanja tukakodi kibanda nyuma ya soko, tukawa tunayeyusha alumini na kuimwaga ndani ya kalibu za udongo, itoke sufuria, mapawa na vifuniko. Tulikusanya vichwa vya injini, pistoni na sufuria zilizotoboka. Kuyeyusha alumini si kazi ngumu, mkaa na feni vinatosha. Ugumu uko kwenye udongo wa kalibu. Ukiwa mkavu sana unabomoka. Ukiwa na maji mengi, alumini ikigusa unyevu inaruka usoni. Masanja alikuwa akifinyanga tonge la udongo mkononi, analivunja katikati, anatazama mvunjiko wake. Likivunjika safi bila kuacha maji kiganjani, tunamwaga. Na chochote kilichozibwa, kama shokomzoba ya gari, hakiingii motoni kabla hakijakatwa. Hewa iliyofungiwa ndani ikipata moto inatafuta mlango kwa nguvu. Hilo msilisahau hata mkisahau jina langu.

Chungu cha kuyeyushia kinabebwa na watu wawili, kila mmoja na mkono wake wa koleo. Unamtazama mwenzako machoni, si chungu. Mnainua pamoja, mnatembea pamoja, mnainamisha pamoja. Mimi na yeye tulifanya hivyo miaka mingi bila kuungua.

Wateja wetu walikuwa mama zenu. Mmoja alikuja na sufuria imekuwa nyeusi ndani kama chungu cha mkaa, amekasirika, anasema tumemuuzia alumini mbovu. Nikamuuliza amepika nini. Maharage. Umetia nini? Magadi, ili yaive upesi. Nikamweleza: magadi yanaila alumini, mama. Maharage yako ya magadi yapikie kwenye chungu cha udongo. Na maziwa ya mgando usiyahifadhi kwenye ndoo ya bati, uchachu unaila ile zinki na tumbo litakuuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Masanja, akamuuliza, "Na wewe baba, unasemaje?" Masanja akasugua tumbo lake, akanionyesha mimi, akafunga mdomo kwa kidole. Maana yake: mimi ni wa tumbo tu, maneno yapo kwa huyu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yule mama alituona wote wawili hatuna akili.

Hiyo ilikuwa miaka mizuri. Sikujua kuwa ni mizuri. Niliona ni kazi.

Kilichotuachanisha kilikuja kwenye kiroba, juu ya baiskeli. Ilikuwa kiangazi, mito imekauka. Mtu tusiyemjua alisimama mbele ya kibanda, akashusha mzigo. Mimi nilikuwa nimekwenda sokoni kutafuta mkaa. Niliporudi, mtu ameshalipwa ameshaondoka, na Masanja amewasha moto mkubwa kuliko wa alumini. Akagusa kifundo cha mkono: shaba. Alikuwa na furaha. Shaba ilikuwa haipatikani.

Nikafungua kiroba. Ndani kulikuwa na bomba fupi la shaba ya njano, laini ndani kama limelambwa, na vali za shaba ngumu, zimebadilika rangi kwa maji. Nikapitisha kidole ndani ya lile bomba. Jambo moja tu linaweza kulainisha shaba namna hiyo: pistoni ya ngozi inayopanda na kushuka, kutwa, mwaka baada ya mwaka, ikivuta maji. Ilikuwa silinda ya kisima. Bomba la mkono, lile ambalo mama anapiga huku mtoto yuko mgongoni.

Na siku mbili tatu kabla ya hapo mwanamke mmoja kutoka vitongoji vya Nkoma alikuwa ameniletea sufuria nizibe. Alinieleza, nikimtazama mdomo, kwamba kisima chao kilifunguliwa kutengenezwa, vifaa vikawekwa nyumbani kwa mlinzi wa kisima, asubuhi havipo. Sasa walikuwa wanachimba mchanga wa mtoni, wanagombea na ng'ombe.

Nikamweleza Masanja kwa mikono. Kisima. Nkoma. Kimeibiwa. Akageuza uso. Kwa watu kama sisi, kugeuza uso ni kuziba masikio. Nikazunguka nikasimama mbele yake, akageuka tena. Akainama kuchukua kiroba.

Nikakaa juu yake.

Ndiyo, mwanamke mzima, mwenye wajukuu, nilikaa juu ya kiroba cha shaba kama kuku anayeatamia. Vali ilinichoma paja, sikujali.

"Mbuke, inuka."

"Siinuki."

"Hatukuiba sisi. Tumenunua."

"Watu hawana maji, Masanja!"

"Watanunua lingine! Serikali italeta lingine! Nikiiyeyusha mimi au akaiyeyusha mwingine, ni nini? Shaba ikiyeyuka haina jina!"

Sasa oneni balaa letu. Sisi tulidhani tunanong'ona. Alikuwa ameinama karibu na uso wangu, mishipa ya shingo imesimama, na mimi namsoma mdomo, naona ni maneno ya watu wawili tu. Nilipoinua macho, soko lote lilikuwa limesimama. Wauza dagaa, wauza mitumba, mafundi wa baiskeli, wote wanatutazama. Walikuwa wamesikia kila neno. Viziwi hawawezi kugombana kwa siri.

Masanja akawaona. Uso wake ulibadilika kama chuma kinavyopoteza wekundu, kuanzia pembeni. Akavua aproni ya ngozi, akaitundika kwenye msumari, akaondoka.

Siku ya pili yake nilikibeba kiroba mpaka Nkoma. Nilipanda pikipiki, nikashuka mahali barabara ilipoharibika, nikatembea. Niliwakuta wanawake mtoni kweli, wamechimba mashimo ambayo mtu anaingia mpaka kiunoni, wanachota kwa kikombe maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nikafungua kiroba mbele yao. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mmoja alikaa chini mchangani akafunika uso kwa kanga. Mwingine, bibi mtu mzima, alikishika kile kipande cha bomba, akakitazama ndani, kama anayekagua iwapo mtoto wake amerudi na viungo vyote.

Fundi wa kisima wa kitongoji alikifunga siku ileile, mimi nikimsaidia. Ngozi zilikuwa zimekauka, tukaziloweka kwenye mafuta. Tuliposhusha fimbo za bomba na kuanza kulipiga, mimi sikusikia maji yakipanda. Niliweka kiganja juu ya bomba la nje, nikayahisi. Chuma kikaanza kuwa baridi. Kisha nikaona midomo ya wanawake wote imefunguka kwa pamoja.

"Wabeja, mayu," bibi yule alinishukuru. Hilo nililisoma vizuri.

Njiani kurudi Bariadi nilikuwa na jambo moja tu kichwani, nimweleze Masanja. Hasira yangu ilikuwa imekwisha. Nilikuwa naandaa mikono, namna nitakavyomwonyesha yule bibi alivyochungulia ndani ya bomba. Nilipofika kibandani, feni yake haikuwepo. Nyundo zake hazikuwepo. Upande wake ulikuwa umefagiwa.

Nilikuja kuelewa baadaye. Siku ile ile ya ugomvi watu walikuwa wameshampa jina. Akipita sokoni, wanamwita Haina Jina. Watoto waliimba. Wauza dagaa waliuliza kwa mzaha kama hata sufuria zao zina majina. Yeye hakusikia, lakini aliona midomo. Alichukua mke wake na vitu vyake akarudi Shishiyu, na hakuniaga. Nilimtumia ujumbe kwa watu wa basi, tena na tena. Jibu halikuja. Mimi sikuwa nimemwita jina lile hata mara moja, lakini mdomo wangu ulikuwepo siku lilipozaliwa, nadhani hilo lilimtosha.

Chungu cha kuyeyushia hakibebwi na mtu mmoja. Nilijaribu kuajiri vijana. Walikuwa wazuri, wana nguvu, lakini walitazama chungu, hawakunitazama mimi, na nikiwaambia kwa mkono hawakuelewa, na wao wakiniambia kwa mdomo walikuwa wameshageuka. Siku moja alumini ilimwagika karibu na miguu yetu. Nikauzima ule moto kabisa. Tangu hapo nikawa naziba sufuria, nanoa majembe, natengeneza funguo. Kazi za mtu mmoja.

Watoto wangu ni wema. Mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Kahama. Wananipigia simu, jirani ananipokelea, kisha ananiambia, "Wanakusalimu." Labda waliongea kwa muda mrefu, labda walisema mambo mengi. Kwangu yanafika yakiwa neno moja. Wamenifundisha ujumbe wa maandishi, na mimi naandika, lakini wao wana haraka. Napata "Poa mama". Nalitazama neno hilo mpaka kioo cha simu kinazimika.

Jioni nilizoea kushika vyuma vyangu. Si kwa kazi. Kugonga tu kwa nyundo ndogo na kuweka kidole. Fuawe nzuri inarudisha pigo mpaka kwenye kiwiko. Risasi hairudishi chochote, inameza. Mtu aliyekuwa akipita nje angedhani fundi yuko kazini.

Miaka ikapita hivyo. Halafu kiangazi kimoja binti wa Masanja, Kabula, akaingia uani kwangu bila hodi. Nilimjua kwa mabega. Alisimama mbele yangu, akafungua mdomo vizuri, kama aliyefundishwa nyumbani namna ya kuongea na watu wetu.

"Mayu, baba haoni tena. Macho yamefunga. Na lile sikio lililobaki ni la kubahatisha. Mama alifariki mwaka juzi. Anakaa tu. Hajakutaja, lakini mimi nimekuja."

Tulikwenda Shishiyu naye asubuhi iliyofuata. Nilimkuta amekaa kivulini kwenye ukuta wa nyumba, kipofu, anamenya karanga kwa vidole. Nyusi zilikuwa zimeota. Hilo ndilo lililoniumiza, nyusi nyeupe, nzito, za mtu aliyeacha moto zamani.

Nikasimama mbele yake nisijue la kufanya. Mikono yangu yeye haioni. Sauti yangu yeye haisikii. Kabula akainama kwenye sikio lake la kulia akapiga kelele jina langu. Yeye akaacha karanga. Akanyoosha mkono hewani. Nikaushika. Akautembeza mpaka akapata kiganja, akapapasa sugu zangu moja moja, halafu akagusa kifundo cha mkono wangu. Akabaki hapo. Shaba.

Kisha akaongea. Niliusoma mdomo wake.

"Bomba lile. Linatoa maji?"

Nikachukua mkono wake, nikaupandisha na kuushusha, kama mtu anayepiga bomba, nikaupandisha na kuushusha, mpaka akaanza kutikisa kichwa kwamba ameelewa.

"Nilijua ni la kisima," akasema. "Nilijua nilipolishika tu. Mbuke, mimi ningeacha kujua namna gani?"

Nikakaa chini pembeni yake, nikachukua karanga, tukamenya.

Baada ya hapo nilikuwa nikienda kila nilipopata nauli ya kwenda na kurudi. Hatukuongea sana. Kuandika kwenye kiganja cha mtu ni kazi ya taratibu, kama tupa kwenye chuma kigumu. Wakati mwingine nilimpelekea kipande cha chuma nikamwekea mkononi, naye anakipima, anakigonga kwenye jino, anasema ni nini. Hakukosea. Masanja alifariki kabla ya mvua za mwaka huo, na mimi nilikuwa Bariadi. Walinipigia simu. Jirani akapokea.

Lakini sitaki mwondoke na msiba. Nataka niwaambie siku moja ya zile za Shishiyu, kisha mwende mkafanye kazi.

Jioni ilikuwa imekaribia na basi dogo la mwisho lilikuwa njiani. Nilimshika mkono Masanja, nikaubana, ndiyo kuaga kwetu, nikabeba mkoba wangu nikaondoka. Nilikuwa nimefika barabarani, naliona vumbi la basi kwa mbali, pale Kabula aliponishika bega kwa nyuma. Alikuwa anahema.

"Mayu, baba anakuita. Amekuita kwa sauti, ukawa unaenda tu."

"Anataka nini?"

Akasita. Nikaona anataka kusema si kitu, mdomo ulishaanza kujikunja kulisema. Halafu akanyoosha uso wake mbele ya wangu, akasema polepole, neno kwa neno.

"Anauliza kama umeshaondoka."

Nikageuka nikarudi naye. Masanja alikuwa amekaa palepale, uso ameuelekeza barabarani, mkono uko wazi juu ya goti. Nikakaa. Nikaweka mkono wangu juu ya wake. Vumbi la basi likatupita, likatanda mpaka kwenye karanga, likatulia.